Kafeini: Dawa au sumu? Jibu limo katika kiasi, saa na hali ya mnywaji

KAHAWA ilifikishwa kizimbani mjini Makka mwaka wa 1511. Gavana wa mji huo, Khair Beg, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akasikiliza hoja zao, kisha akaipiga marufuku. Hukumu hiyo haikudumu, kwani ilibatilishwa kutoka Cairo.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, kesi hiyo ingali wazi. Wiki hii msomaji huarifiwa kuwa kahawa huulinda moyo, na wiki ijayo huambiwa kuwa inaudhuru. Anayeketi kwenye meza ya uhariri huziona habari hizo zikipishana mlangoni, kila moja ikijinadi kuwa imetokana na utafiti mpya wa wataalamu.

Ukweli ni kwamba tafiti hizo aghalabu hazipingani. Moja hupima kafeini yenyewe, nyingine hupima kahawa nzima na mamia ya kemikali zilizomo, nyingine chai, nyingine sukari au joto la kinywaji. Isitoshe, moja huwapima vijana wenye afya na nyingine wagonjwa wa shinikizo la damu. Kabla ya kuuliza iwapo kafeini ina madhara au manufaa, basi, sharti iulizwe ni kiasi gani, saa ngapi, na ni nani anayekunywa.

Kafeini ni kemikali inayotengenezwa na mimea kadhaa, na wanasayansi wanaamini kuwa mimea hiyo huitumia kujikinga dhidi ya wadudu. Hupatikana katika buni, majani ya chai, kakao, kola ya Afrika Magharibi na guarana ya Brazil. Mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga mwaka wa 1819 baada ya mshairi Johann Wolfgang von Goethe kumpa buni na kumtaka azichunguze. Ikitakaswa huwa unga mweupe, mchungu, usio na harufu. Miraa, kinyume na wanavyodhani wengi, haina kafeini. Kinachosisimua ndani yake ni kathinoni, ambayo ni kemikali ya ukoo mwingine kabisa.

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni saa baada ya saa. Hujishikiza kwenye vipokezi vyake, na kadiri inavyovijaza ndivyo usingizi unavyobisha hodi. Umbo la kafeini linakaribiana na la adenosini kiasi cha kuiwezesha kuingia katika vipokezi hivyo na kuvikalia bila kuviamsha, mithili ya ufunguo unaoingia kwenye kufuli na kukataa kuzunguka. Adenosini ikija hupata mlango umezibwa. Ndiposa mnywaji huchangamka.

Ni muhimu kutambua kuwa uchovu wenyewe haujaondoka. Umefichwa tu. Kafeini haimlishi mtu jinsi ugali unavyomlisha. Humkopesha saa chache za wepesi, na adenosini iliyokuwa ikisubiri humdai deni lake mara kafeini inapopungua.

Kikombe kikishanywewa, kiwango cha kafeini katika damu hufika kilele kwa kawaida katika muda wa saa moja hivi. Kisha ini huanza kuivunja. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huwa imeondoka baada ya takriban saa tano, ingawa wapo wanaochukua saa tatu na wengine saba. Anayekunywa miligramu 200 saa kumi na moja jioni, kwa hivyo, angali na miligramu 100 mwilini saa nne usiku.

Kasi hiyo hutofautiana pakubwa. Mvutaji sigara huivunja kafeini takriban mara mbili upesi kuliko asiyevuta. Mwanamke anayemeza tembe za kupanga uzazi huchelewa kwa kiasi kama hicho. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, zile saa tano huweza kufika 15. Naye mtoto mchanga, ambaye ini lake halijakomaa, huhitaji siku tatu au nne kuondoa nusu ya kafeini iliyo mwilini mwake. Watu wawili walioketi kwenye benchi moja na kumiminiwa kutoka birika moja hawanywi kitu kimoja.

Mnamo 2013, watafiti wa jijini Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu walipewa miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala. Kifaa kilichopima usingizi wao kilionyesha kuwa walipoteza zaidi ya saa nzima. Maelezo yao wenyewe hayakuibainisha hasara hiyo. Hapa ndipo penye hatari kwa yule anayejigamba kuwa hunywa kahawa usiku na bado akalala fofofo: halala kama anavyodhani, na kesho yake hutafuta kikombe kingine kuuziba uchovu uliosababishwa na kile cha jana.

Kikombe cha mililita 240 cha kahawa iliyochujwa huwa na takriban miligramu 95 za kafeini. Kahawa ya kuyeyusha huwa na 60 hivi, na chai isiyotiwa maziwa, yaani mkandaa, karibu 47. Chupa ya soda ya kola hubeba kati ya 30 na 35. Mkebe wa mililita 250 wa vinywaji vya kuongeza nguvu aghalabu huwa na 80, na ule mkubwa wa mililita 500 huwa na 160. Chai ya maziwa tunayoinywa humu nchini kwa kawaida ina kafeini kidogo kuliko mkandaa kwa sababu sehemu kubwa ni maziwa, ila hilo hutegemea mkono wa mpishi: majani yaliyotokota kwa dakika kumi hutoa kafeini nyingi kuliko kifuko kilichochovywa kwa dakika moja.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilihitimisha mwaka wa 2015 kuwa hadi miligramu 400 kwa siku, na zisizozidi 200 kwa mara moja, hazimdhuru mtu mzima mwenye afya njema. Kwa watoto na vijana, mamlaka hiyo ilitumia miligramu tatu kwa kila kilo ya uzani wa mwili. Kiwango hicho ni mpaka wa tahadhari. Hakuna anayelazimika kukifikia.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa manufaa ya kafeini hautoki mkahawani, bali katika wadi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watoto hao husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi haijakomaa, hivyo mtoto hutulia kwa sekunde 20 au zaidi, ngozi hugeuka samawati na moyo hupunguza mwendo. Kafeini huuamsha ubongo huo ili uikumbuke kazi yake.

Kwa miaka mingi madaktari waliitumia bila uhakika wa matokeo yake ya baadaye. Kisha ukaja utafiti mkubwa ulioongozwa na Daktari Barbara Schmidt wa Canada, uliowahusisha watoto 2,006 waliozaliwa na uzani wa kati ya gramu 500 na 1,250. Baadhi walipewa kafeini na wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kuwa, kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, asilimia 40.2 ya waliopewa kafeini walikuwa wamefariki au wana ulemavu wa ukuaji wa neva, ikilinganishwa na asilimia 46.2 ya wasiopewa. Waliopatwa na ulemavu wa viungo unaotokana na kudhurika kwa ubongo walikuwa asilimia 4.4 dhidi ya 7.3.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka kafeini kwenye orodha yake ya dawa muhimu za watoto. Maadamu dawa hiyo hupimwa kwa uzani wa mtoto na hutolewa hospitalini chini ya uangalizi, mzazi asijaribu kamwe kuiiga kwa kijiko cha chai nyumbani.

Kafeini imo pia katika baadhi ya tembe za maumivu ya kichwa zinazouzwa madukani, mathalani miligramu 65 pamoja na 500 za paracetamol. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kuwa ikiongezwa kwa miligramu 100 au zaidi, idadi ya wanaopata nafuu ya kutosha hupanda kwa asilimia tano hadi kumi. Hata hivyo, anayezimeza tembe hizo karibu kila siku huweza kujikuta kwenye mduara: dawa yenyewe huanza kusababisha maumivu.

Kwa wanariadha, kafeini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizodhibitiwa hadi mwisho wa 2003, na aliyepatikana na zaidi ya mikrogramu 12 kwa kila mililita ya mkojo aliadhibiwa. Tangu Januari 1, 2004, Shirika la Kupambana na Pufya Duniani, WADA, liliiondoa kwenye orodha ya marufuku, ingawa linaendelea kufuatilia matumizi yake. Kiwango kinachosaidia katika mbio ndefu ni kati ya miligramu tatu na sita kwa kila kilo. Kwa mkimbiaji wa kilo 60 hizo ni miligramu 180 hadi 360. Zaidi ya hapo, kinachoongezeka ni kutetemeka na tumbo kuvurugika.

Kuna manufaa mengine yanayotajwa mara kwa mara. Utafiti wa Honolulu uliochapishwa mwaka wa 2000, uliofuatilia wanaume 8,004 wenye asili ya Japan, uliona kuwa wanywaji wa kahawa walipatwa na ugonjwa wa Parkinson kwa nadra kuliko wasiokunywa. Uchambuzi mpana uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2017 ulihusisha vikombe vitatu au vinne vya kahawa kwa siku na upungufu wa vifo, magonjwa ya ini na kisukari.

Lakini hapa msomaji afumbue macho. Kuhusiana si kusababisha. Fauka ya hayo, hatari ya kisukari ilipungua pia kwa waliokunywa kahawa iliyoondolewa kafeini. Ina maana kuwa, kwa ugonjwa huo, sifa huenda inastahili kupewa viambato vingine vya buni. Anayemeza tembe za kafeini akitarajia kukwepa kisukari anajenga juu ya mchanga.

Upande wa madhara, wa kwanza kuangaliwa ni mama mjamzito. Kafeini hupenya kondo la nyuma bila kizuizi, na kijusi hakina uwezo wa kuivunja. WHO ilishauri mwaka wa 2016 kuwa wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzani mdogo. EFSA iliweka mpaka wa chini zaidi, 200, na huo ndio salama kuufuata. Kwa lugha ya jikoni, hivyo ni vikombe viwili vya kahawa ya kuchujwa au vinne vya mkandaa, na kola, chokoleti na tembe ya kichwa huhesabiwa humo humo.

Kwa moyo, habari si mbaya kama ilivyohofiwa zamani. Kafeini hupandisha shinikizo la damu kwa saa chache, hasa kwa asiyeizoea, na mwili wa mnywaji wa kila siku huzoea kwa kiasi. Ila utafiti wa Japan uliochapishwa mwishoni mwa 2022, uliofuatilia zaidi ya watu 18,000 kwa karibu miaka 19, uligundua jambo la kuzingatiwa. Miongoni mwa wenye shinikizo la juu mno, yaani 160 kwa 100 kwenda juu, waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari maradufu ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hatari hiyo, wala chai ya kijani. Wakenya wengi hawajui kipimo chao cha shinikizo. Kwao, swali la kahawa linaanzia kwenye kipimo hicho.

Kahawa chungu ya Pwani, inayochemshwa na kumiminwa kutoka deleni hadi kwenye finjani, ina suala lake. Kahawa ya kuchemshwa isiyopitishwa kwenye karatasi ya kuchujia hubaki na kafestoli, mafuta ya buni ambayo hupandisha lehemu mbaya katika damu. Kosa hilo si la kafeini. Finjani mbili jioni barazani si jambo la kumtisha mtu, lakini aliyeambiwa na daktari kuwa lehemu yake iko juu ana sababu ya kuuliza kahawa yake imepikwa vipi.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye mikebe. Vijana wa shule na vyuo hununua vinywaji vya kuongeza nguvu wakati wa mitihani, na madereva wa safari za usiku huvitumia mahali pa kulala. Mikebe miwili mikubwa ni miligramu 320, kiasi ambacho kijana wa kilo 50 hapaswi hata kukikaribia: kwa kipimo cha EFSA, mpaka wake ni 150. Baadhi ya mikebe ya mililita 250 hubeba pia gramu 27 hivi za sukari, zaidi ya vijiko sita vidogo. Kahawa moto hunywewa kwa funda. Kinywaji baridi chenye ladha ya matunda huteremka kwa dakika moja.

Kukichanganya na pombe ni kubaya zaidi. Kafeini haipunguzi kilevi kilicho katika damu hata chembe. Humwondolea mlevi usingizi ambao ungemtahadharisha. Hubaki mlevi aliye macho, anayejiona anaweza kuendesha gari. Mnamo Novemba 2010, serikali ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza pombe iliyotiwa kafeini. Lithuania ilipiga marufuku uuzaji wa vinywaji vya kuongeza nguvu kwa walio chini ya miaka 18 mwaka wa 2014, nayo Poland ikafuata Januari 1, 2024. Hapa kwetu, mtoto mwenye sare huhudumiwa dukani bila kuulizwa swali.

Kuna na unga mtupu wa kafeini unaouzwa mitandaoni. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka wa 2014 baada ya vifo vya vijana, na hueleza kuwa takriban miligramu 1,200 zikimezwa upesi zaweza kuleta kifafa.

Lakini pia kafeini imebebeshwa lawama zisizo zake. Inasemekana kuwa chai na kahawa hukausha maji mwilini. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka wa 2014 liliwapa wanaume 50 vikombe vinne vya kahawa kwa siku na halikuona tofauti na walipokunywa maji.

Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza mwaka wa 2016 kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuitia kahawa hatiani, ila vinywaji vyovyote vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Hilo linatugusa. Bomet na maeneo jirani yamekuwa na wagonjwa wengi wa saratani hiyo kwa miaka mingi, wengine wakiwa hawajafika umri wa miaka 30, na tafiti zimekuwa zikichunguza mchango wa tumbaku, pombe, moshi na vinywaji vya moto. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2015 uliona kuwa watu walianza kunywa chai yao ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Kuisubiri ipoe kwa dakika chache hakugharimu chochote.

Vivyo hivyo kwa upungufu wa damu. Viambato vya chai, vikiwemo tanini, huyashika madini ya chuma yaliyo kwenye chakula na kuyazuia yasifyonzwe. Jaribio la Marekani la mwaka wa 1983 lilionyesha kuwa kikombe cha chai pamoja na mlo wa nyama kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64, na kahawa kwa 39. Kahawa ikinywewa saa moja kabla ya mlo haikuzuia chochote. Ikinywewa saa moja baadaye ilizuia sawa na ilipoandamana na mlo. Mtoto anayekula maharagwe na sukumawiki huku akiteremshia kwa mkandaa, basi, anapoteza sehemu kubwa ya kile alichonunuliwa chakula hicho akipate. Mama mjamzito anayemeza tembe za chuma kwa chai yu katika hali hiyo hiyo. Zimezwe kwa maji.

Wenye matatizo ya wasiwasi, hofu ya ghafla au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida wamweleze daktari kiasi wanachokunywa. Hali kadhalika wanaotumia dawa. Ciprofloxacin, inayoandikwa mara nyingi kwa maambukizi ya mkojo na ya tumbo, huzuia ini lisiivunje kafeini, hivyo kikombe cha kawaida hukaa mwilini muda mrefu na kumfanya mgonjwa ahisi moyo ukimwenda mbio. Dawa ya pumu iitwayo theophylline ni ndugu wa kafeini, na zikikutana madhara hujumlishwa.

Anayeamua kuacha asikate ghafla. Maumivu ya kichwa, uchovu na hasira huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huzidi siku ya kwanza na ya pili, na huweza kuendelea hadi siku tisa. Wanywaji wa kahawa wa Mombasa na Lamu huyafahamu maumivu hayo kutokana na siku za mwanzo za Ramadhani, na wengi huyadhania kuwa ni njaa. Wanaoyaepuka ni wale wanaoanza kupunguza finjani moja kila baada ya siku mbili au tatu, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.